Mikono ya Fundi Cherehani

Kazi ya kwanza aliyopewa Rula ndani ya ukumbi ule ilikuwa kuandika jina la marehemu ukutani, kwa herufi zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, nyeusi juu ya ukuta mweupe. DOLE. Basi. Fundi mwingine angemaliza kabla ya chai, lakini Rula alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, akipiga mistari kwa uzi wenye chaki, akiifuta, akiipiga upya, na kadiri jina lilivyozidi kupendeza ndivyo roho ilivyozidi kumuuma. Hakuwa na haja ya kujidanganya. Alikuwa anamwonea wivu mtu aliyelala kaburini.

Na angeachaje? Ukumbi mzima, ambao zamani ulikuwa ghala la posta, ulikuwa umepakwa rangi upya kwa ajili ya Dole. Taa zimenunuliwa kwa ajili ya Dole. Viti vya wageni vimepangwa kwa ajili ya Dole. Na yeye Rula, aliyekula naye sahani moja, aliyevuta naye harufu ya rangi mpaka vichwa vikawauma pamoja, alipigiwa simu akaambiwa, "Fundi, tuna kazi ndogo ya maandishi."

Kazi ndogo ya maandishi! Aliyameza maneno hayo kama dawa chungu, akabeba ngazi yake, akaja.

Walianza pamoja wakiwa vijana, katika kibanda cha mabati nyuma ya gereji, wakigawana brashi, kopo la tina ya kuyeyushia rangi na benchi moja ambalo mguu wake ulifungwa kwa waya. Kazi yao ilikuwa mabango: ya vinyozi, ya mabucha, ya maduka ya dawa, ya shule za udereva. Rula aliandika, Dole alichora. Rula aliitwa Rula kwa sababu hakuandika hata herufi moja bila kwanza kupiga mstari. Dole aliitwa Dole kwa sababu hakuwahi kutia saini. Akimaliza uso wa mtu, alichovya dole gumba kwenye rangi nyekundu, akalibandika kwenye kona ya picha, akarudi nyuma hatua chache na kusema, "Haya, mwiteni mwenyewe aje ajione."

Bango lilianza kwa Rula siku zote. Yeye ndiye aliyepima ubao, akaandika maneno na kuacha nafasi tupu ya uso. Nafasi hiyo waliiita dirisha. Maneno yakikauka, Dole alikuja na brashi zake ndogo, akaingia dirishani akipiga domo, akisimulia mechi, akiwasema wateja, na baada ya muda mtu alikuwa anakutazama kutoka kwenye ubao kama anayekudai salamu. Watu walipita barabarani wakasimama. "Ona sura ile!" walisema. Hakuna aliyewahi kusimama juani akasema, "Ona herufi ile!" Herufi nzuri huisomi ukaiona, unaisoma ukaenda zako. Ndivyo Rula alivyofundishwa kazi, na ni somo la kijinga kumfundisha mtu mwenye moyo.

Dole alikuwa na kituko kimoja tu. Watu wake wote hawakuwa na mikono. Mteja wa kinyozi alifunikwa shuka mpaka kidevuni. Daktari wa duka la dawa aliweka mikono mifukoni. Hata muuza nyama alisimama mbele ya mapaja ya ng'ombe mikono ikiwa nyuma, na Rula akamuuliza, "Bucha gani huyu anayekata nyama kwa makalio?" Dole akacheka mpaka akakohoa. "Mikono inaiba macho," alisema. "Mtu akiona mikono haangalii tena uso." Wateja waliona ni heshima, Rula akaona ni mtindo, na mambo yakaishia hapo.

Kisha kile kikohozi kikawa si cha kucheka. Dole alikufa kwa kifua kabla hajafikisha miaka thelathini. Rula alilia, tena alilia kweli, mtu asimsingizie. Alibeba jeneza upande wa mbele, akaandika jina kwenye ubao wa kaburi bila kuombwa, na kwa muda mrefu hakuweza kuliangalia lile benchi.

Yaliyomshinda ni yale yaliyokuja baadaye. Mtu mmoja mwenye macho ya sanaa alipiga picha mabango ya Dole, akayasifu gazetini. Wakaja wengine. Wakaanza kuyatafuta mtaa kwa mtaa, na hawakuja mikono mitupu: walikuja na misumeno. Walikata dirisha wakaacha nyumba. Uso ulibebwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga, na maneno ya Rula yakabaki yakining'inia kwenye misumari na tundu katikati, au yakatupwa, au yakawa kuni. Kinyozi mmoja wa zamani alimwambia waziwazi, "Zile herufi zako nimezibia banda la kuku. Zinakinga mvua vizuri sana." Alidhani anamsifu.

Sasa nyuso zile zote zilikuwa zimekusanywa ukumbini. Rula alipita mbele yazo na kopo lake mkononi, akaona kwenye ukingo wa picha ya daktari mkia wa herufi uliosalimika na msumeno. Ulikuwa mkia wa G, aliukumbuka. Alipata taabu siku nzima kuukunja ule mkia. Hapo ndipo jina lake lilipoishia katika historia, mkia wa G.

Na lile lisingekuwa kitu. Wivu wa namna hiyo alikwisha uzoea, ulikuwa kama goti linalouma wakati wa baridi. Kilichomtoa roho ni picha iliyoingizwa mchana ule, ikiwa imefungwa shuka mbili.

Mratibu wa maonyesho, mwanamke kijana mwenye miwani na daftari lisilomtoka kwapani, aliwaambia wabebaji waiegemeze ukutani taratibu. Alipoivua shuka, hata wafagiaji walisimama. Alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, ameinama juu ya mashine. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua anachofanya na hataki kusemeshwa. Na mikono yake ilionekana. Mmoja ulizungusha gurudumu, mwingine ulikuwa umebana kitambaa karibu kabisa na sindano, vidole viwili vimekaza, ukucha wa dole una ufa mdogo. Kwenye kona, nyekundu, alama ya dole gumba.

"Fundi, njoo uone," mratibu alisema, sauti yake imeshuka. "Hii ndiyo ya mwisho kabla hajafa. Mwenyewe mshonaji ametuhakikishia. Katika zote nilizoziona, hii ndiyo bora. Hapa alikuwa amevuka mto, angalia mikono hiyo! Redioni nimeshaitaja, na hii ndiyo nitakayoiweka kwenye tangazo."

Rula alitazama. "Maneno yake yako wapi?" aliuliza.

"Maneno?"

"Iliandikwa USHONI WA KILA AINA. Chini yake, SARE ZA SHULE."

"Ah, hayo yalikatwa. Mshonaji amezibia dirisha la choo." Mratibu alitabasamu. "Wewe ndiye utakayeandika maelezo chini ya kila picha, moja kwa moja ukutani. Sitaki karatasi za kuchapisha. Jina la picha, halafu: Mchoraji, Dole."

Rula aliitikia kwa kichwa. Picha ile aliichora yeye.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Yule fundi cherehani alikuwa mama wa kuamrisha. "Nataka nichorwe na Dole," alisema, "tena nichorwe nikishona, mikono ionekane. Mshonaji asiye na mikono ni wa nini?" Rula aliandika maneno, akaacha dirisha. Siku ya kuchora, Dole alifika amejifunga sweta shingoni, akakaa kwenye benchi na kushika tama. "Leo kifua kimenibana," alisema. "Shika wewe dirisha. Chora tu, nitarekebisha." Rula alicheka, akakataa, akabembelezwa, akashika brashi ndogo kwa mara ya kwanza. Uso wa yule mama aliujua, maana ulikwisha mgombeza mara nyingi. Mikono aliichora kama anavyoandika, kwa kupima, kiungo kwa kiungo, nafasi kati ya kidole na kidole akiipa haki yake kama nafasi kati ya herufi na herufi. Ikaja. Hakujua imetoka wapi, lakini ikaja.

Dole, ambaye hata usingizini alikuwa anaongea, siku ile hakusema kitu. Rula alidhani ni homa. Mwishoni Dole aliinuka, akachovya dole gumba, akalibandika kwenye kona. "Mwambie ni mimi," alisema. "Alinitaka mimi. Akijua si mimi, atalirudisha." Rula alikubali, kwani biashara ilikuwa yao wote. Kisha Dole akampiga begani na kumwambia kama alivyomwambia siku zote, "Ila herufi zako, ndugu yangu! Herufi zako hazina mpinzani." Naye Rula akarudi kwenye ubao uliofuata, amevimba kichwa kwa furaha, akaandika BUCHA SAFI.

Sasa alikuwa amekwama. Dole lilikuwa la Dole, halina ubishi. Mshonaji mwenyewe alikuwa ameapa. Akisema, wangemwona mwandika mabango mzee anayetafuta umaarufu kwenye mgongo wa marehemu. Asiposema, angepaswa kushika brashi yake mwenyewe na kuandika, kwa mkono wake mwenyewe, tena vizuri, kwamba kazi bora ya maisha yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Nyumbani mkewe alimwona tu alivyovua viatu, akajua.

"Leo umewaka," alisema. "Ni nani tena? Ni Dole?"

"Sijasema kitu."

"Hujasema, ila umevipiga viatu teke. Baba watoto, umeona wapi mtu mzima anamwonea wivu maiti?"

"Maiti gani?" Rula alisema. "Maiti ana ukumbi mzima. Mimi nina ngazi."

Mkewe alicheka, akamwekea chakula. Ukutani, juu ya kichwa cha Rula, alining'inia mkewe huyohuyo akiwa bibi arusi, zawadi ya Dole, mikono imefichwa ndani ya mtandio. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alisahau kuketi. "Nani huyu?" waliuliza, na mwenye sura amesimama mbele yao na sinia la chai. "Kama kuna mtu wa kuona wivu humu ndani ni mimi," mkewe alipenda kusema. "Yule wa ukutani haongezeki kilo." Na huyo Dole naye, alifikiri Rula, haongezeki miaka. Katika picha waliyoiweka mlangoni pa ukumbi alikuwa kijana vilevile, mashavu yamejaa, wakati yeye Rula ana kitambi, miwani na ndevu zenye mvi. Hata kuzeeka alimwachia yeye.

"Kuna picha moja pale," alisema ghafla. "Ya fundi cherehani. Niliichora mimi."

Mkewe alishusha kijiko. "Ile wanayoisema redioni? Ile yenye mikono?"

"Hiyo."

"Wewe?" Alisema polepole, kisha akajaribu kulirekebisha. "Namaanisha, mbona hujawahi kuniambia?"

Lakini lile *wewe* lilikuwa limeshatoka, na lilimchoma kuliko yote. Mtu anayelala naye, anayemfulia mashati yenye madoa ya rangi, anayejua hata upande anaokoroma, naye alitazama kwanza ukutani, kwa Dole, kabla ya kumtazama yeye. Rula hakumaliza chakula.

Siku zilizofuata aliandika maelezo. Alianza karibu na mlango, akapiga magoti, akaandika kwa subira chini ya kinyozi, chini ya daktari, chini ya muuza nyama wa makalio. Mchoraji: Dole. Mchoraji: Dole. Aliandika vizuri mno, kwa hasira. Hakutaka mtu aje aseme kwamba aliboronga kwa kinyongo. Chini ya fundi cherehani alipita bila kusimama, na kila mratibu alipomuuliza alijibu kwamba ukuta pale una unyevu. Hakukuwa na unyevu. Mpaka siku ya mwisho kabla ya ufunguzi, maelezo yote yalikuwa yamekamilika isipokuwa yale, na mratibu alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Alasiri hiyo alikuja mama yake Dole.

Alikuwa mpishi wa hosteli maisha yake yote, na bado alikuwa na sauti ya kuita watu mia kuja kula. Picha nyingi ukumbini zilikuwa zake, alizozikusanya mwenyewe zamani, kabla misumeno haijaanza. Rula alimwahi mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mkeo anakutunza." Alimshika mkono kwa sababu ya magoti yake mabovu, na wakaanza kuzunguka.

Aliziongelesha picha kama watoto wa hosteli. "Wewe bado una deni la mwanangu," alimwambia kinyozi. Mbele ya jina kubwa ukutani alisimama muda mrefu. "Umemwandika vizuri," alisema. "Limenyooka. Angefurahi." Rula alifurahi, akakasirika kwamba amefurahi, akaendelea kutembea.

Walipofika kwa fundi cherehani, Mama aliuachia mkono wake. Alisogea, akavaa miwani, akaitazama picha. Kisha akatazama ukuta mtupu chini yake.

"Hapa mbona hujaandika?"

"Pana unyevu, Mama."

Mama alinyoosha mkono, akaugusa ukuta, akamwonyesha kiganja kikavu. "Unyevu uko wapi?"

Rula alijifuta rangi vidoleni.

"Hii si ya mwanangu," Mama alisema.

Aliisema kwa kawaida tu, kama mtu anayesema mchuzi umezidi chumvi. "Ina dole lake," Rula alijibu. Hakujua kwa nini alijibu hivyo. Miaka yote alitaka mtu aseme neno lile, na liliposemwa yeye ndiye aliyeanza kubisha.

"Dole naliona. Lakini mimi nimemzaa, najua alichokiweza na najua alichokikimbia. Tangu shule, mwalimu akisema mchoreni mama, ananichora mikono nyuma, kama nimetiwa pingu. Mikono ilimshinda. Alijaribu nyumbani, kwenye karatasi, kwenye sakafu, kwa makaa. Vikatoka viazi. Akachana, akalia."

"Aliniambia mikono inaiba macho."

"Angekuambiaje wewe kwamba imemshinda?" Mama alivua miwani. "Siku ya picha hii hakuwa mgonjwa. Alikuwa amepata nafuu wiki nzima. Alikunywa uji wote, akaimba bafuni, nikamshukuru Mungu. Kisha akachukua sweta, jua likiwa kali vile, akatoka. Nikajiuliza sweta la nini. Jioni alirudi hakutaka kula. Alikaa uani na kopo la mafuta ya taa, anasugua hili dole, anasugua, nikamwambia utatoa ngozi. Akaniambia, 'Mama, leo nimebandika dole kwenye kazi nisiyoiweza. Rula anayo mikono na hajui kama anayo. Usimwambie. Akijua ataniacha.'"

Rula alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi. Jambo la kwanza alilolihisi lilikuwa tamu, na aliona aibu lilivyokuwa tamu. Dole alimwonea wivu! Dole, aliyesimamisha watu barabarani, alikaa kwenye benchi lile amejifunga sweta la uongo na kutazama brashi ya mwenzake kwa kijicho, na alinyamaza siku nzima kwa sababu kilichomkaa kooni ni kilekile kilichomkaa Rula maisha yake yote.

Kisha utamu ukaisha na hasira ikapanda. *Herufi zako hazina mpinzani.* Mara ngapi? Kila siku, kila bango, mkono begani. Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na yeye, zuzu, alifurahi, akarudi kwenye mistari yake, BUCHA SAFI, DAWA BARIDI, NYWELE ZA KISASA, ujana wote ukapita katika kuwaachia wengine madirisha.

"Na wewe ulinyamaza, Mama," alisema.

"Nilinyamaza. Aliniomba, akafa. Halafu watu wakaanza kumsifu." Mama hakupepesa macho. "Nilitaka mwanangu awe juu. Mtoto wangu yuko chini ya udongo, wewe una mke, una watoto, una kitambi. Nikasema, mwache awe na hii. Nami nilikuonea wivu, kama unataka kujua. Kila ukija kunisalimu nilihesabu mvi zako."

Rula alishika ndevu zake.

Mratibu alikuwa amesimama nyuma yao, hakuna aliyejua tangu lini. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama," alisema kwa adabu, "tangazo lina picha hii. Mji mzima umeliona. Wageni wanakuja kesho kwa sababu yake. Kama si ya Dole, basi," alitafuta neno, "basi itabidi niishushe. Haya ni maonyesho ya Dole."

"Ishushe," Mama alisema. "Ukiishusha hiyo, na zangu zote zinashuka. Nitaita gari sasa hivi."

"Lakini alama ya dole..."

"Dole gumba ni la mwanangu, sikatai, mwache alale nalo. Andikeni aliyeichora." Kisha akamgeukia Rula kwa ile sauti ya hosteli. "Nawe unakaa kwenye ngazi kama kuku mgonjwa. Simama, uandike."

Mratibu alimtazama Mama, akaitazama picha muda mrefu, hasa mikono, kisha akafunga daftari lake. "Andika, fundi," alisema taratibu.

Rula alifungua kopo. Alipiga magoti mbele ya ukuta mtupu, akachovya brashi, akaifuta kwenye ukingo. Aliandika jina la picha, na likaja safi kama mengine yote. Aliandika Mchoraji, akaweka nukta zake mbili. Kisha mkono ukasimama.

Alikuwa ameandika majina ya watu mpaka hesabu ikampotea, ya walio hai na ya waliokufa, ya madaktari, ya vinyozi, ya shule, ya makanisa na misikiti, ya mbwa mkali. Jina lake hakuwahi kuliandika mahali popote. Hakujua linahitaji nafasi kiasi gani. Hakujua lianze wapi ili liishe vizuri. Angepiga mstari, lakini uzi wa chaki ulikuwa upande wa pili wa ukumbi, na aliogopa kwamba akiinuka hatapiga magoti tena. Akaandika hivyohivyo. R ilitoka nene. U ikapinda. L ikasimama mbali na wenzake kama mgeni, na A ikapanda juu, tone la rangi likateremka ukutani kabla hajaliwahi.

Wote watatu walilitazama.

"Limepanda kidogo huku mwisho," Mama alisema.

"Nina tina hapa," mratibu alisema. "Tufute, uandike upya?"

"Liache," Rula alisema.

Alifunika kopo na kuosha brashi. Alipokuwa anakunja ngazi aliinua macho, na ukuta wa mbele ulikuwa umejaa lile jina kubwa, jeusi, limenyooka, O yake imekaa sawasawa, kila herufi imepewa nafasi yake. Ulikuwa mkono wa fundi hasa. Rula alilitazama, akalitazama tena lake pale chini, na ule wivu wa zamani ukamrudia kifuani kama haujaenda popote. Dole alikuwa na mtu wa kumwandikia jina.